KITAMBAA RAHISI NI KILE KINACHOVALIWA

Ndugu mkulima, ukienda kununua mbegu za mahindi hutazami bei ya pakiti peke yake. Wauliza kama mbegu hizo zafaa baridi au joto la shamba lako, kama zitaota, na kama mavuno yatarudisha pesa ulizotoa. Mbegu ya bei ndogo isiyoota si mbegu rahisi, ni hasara. Kitambaa nacho ni hivyo hivyo. Kipande ulichonunua sokoni kwa nusu ya bei si faida mpaka kimeshonwa, kimevaliwa, kimefuliwa, na kuvaliwa tena.

Mwezi huu twataka kukueleza namna ya kuchagua vitambaa vya bei rahisi, na namna ya kuvigeuza kuwa nguo za watoto, mifuko na vitu vya nyumbani. Jambo hili si la akina mama peke yao. Katika miji yetu mafundi wengi wa cherehani ni wanaume. Tena pesa za nguo hutoka katika mfuko ule ule unaonunua mbolea na dawa ya ng'ombe. Januari ikifika, pesa za mahindi yaweza kuwa hazijaingia, shule yataka malipo, na sare ya mwaka jana imembana mtoto. Shilingi iliyookolewa katika nguo ni shilingi ya shamba.

KOSA NILILOLIFANYA MIMI

Mimi ninayeandika ukurasa huu nilifunzwa somo hili kwa hasara. Januari moja nilikwenda sokoni kununua kitambaa cha buluu cha kaptura mbili za mwanangu. Nilipatana bei vizuri, nikarudi nimefurahi. Sikukilowesha, sikukisugua, sikuuliza ni cha namna gani. Nilikipeleka kwa fundi siku hiyo hiyo kwa sababu shule zilikuwa zafunguliwa.

Kaptura zilipendeza juma moja. Zilipofuliwa mara ya kwanza zilipanda juu ya magoti, na rangi yake ikaingia katika mashati mawili meupe yaliyokuwa ndani ya beseni moja. Mtoto alirudi shuleni na kaptura yake ya zamani yenye viraka nyuma, na wenzake wakamcheka. Nami nikanunua kitambaa mara ya pili, nikamlipa fundi mara ya pili, na mashati pia nikayanunua. Pesa zile zilikuwa za maziwa ya mwezi mzima. Watu husema rahisi ni ghali, lakini kosa halikuwa la kitambaa. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa dakika kumi za kukikagua zingaliniokoa.

MAHALI PA KUPATA VITAMBAA RAHISI

Kwanza, maduka ya vitambaa. Jora likikaribia kwisha hubaki kipande cha mita moja au mbili ambacho hakimtoshi mtu mzima. Mwenye duka ataka kukiondoa, naye hupunguza bei. Kwa nguo ya mtoto au mfuko, kipande hicho chatosha kabisa.

Pili, mafundi wa nguo. Chini ya meza ya fundi kuna vipande vilivyobaki baada ya kukata. Mara nyingi atakupa mfuko mzima kwa pesa kidogo, hasa ukiwa mteja wake.

Tatu, mitumba. Neno mtumba maana yake ni mzigo uliofungwa. Tangu miaka ya 1990, serikali ilipolegeza masharti ya kuziingiza, nguo hizi zimeenea kutoka masoko makubwa kama Gikomba huko Nairobi, Kongowea huko Mombasa na Kibuye huko Kisumu mpaka masoko madogo ya vijijini. Wauzaji huzigawanya: nguo nzuri za kwanza huziita kamera, na za mwisho kabisa huziita fagia. Wewe unayetaka kukata na kushona upya, usiikimbie fagia. Shati lililoharibika kola halifai kuvaliwa, lakini mgongo wake waweza kuwa mzima kama mpya. Tafuta mashuka, mapazia, mashati makubwa ya wanaume na magauni mapana, maana hayo ndiyo yenye kitambaa kingi.

Nne, sanduku lako mwenyewe. Leso iliyochanika upande mmoja, shuka lililoisha katikati, suruali iliyotoboka magoti: hivi vyote vina sehemu nzima.

Ikiwa wewe ni mwanafunzi wa kushona, anza na amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba kisicho na maua. Kilipata jina hilo katika karne ya 19, kilipoletwa Unguja na merikebu kutoka Marekani. Hakiteleti chini ya mkono, na ukikosea waweza kufumua mshono ukaanza tena.

Lakini angalia jambo moja. Magunia ya mbolea, mifuko ya dawa za mimea na mifuko ya mbegu zilizotiwa dawa usiyashonee kitu chochote, hata ukiyafua mara kumi. Sumu hukaa ndani ya nyuzi. Gunia safi lililobeba sukari au mchele laweza kushonwa mfuko wa kubebea mboga, lakini lile la nyuzi za plastiki usiliache juani kila siku, kwa kuwa jua hulivunja likawa unga.

JUA KAZI KABLA YA KUNUNUA

Usiende sokoni ukisema, "Nitaona kitakachokuwako." Watu wengi wana masanduku yaliyojaa vipande vizuri ambavyo havijawahi kushonwa. Hizo ni pesa zilizolala. Andika kwenye karatasi: nataka sketi ya mtoto, mfuko wa soko, na aproni. Andika vipimo vyake. Halafu chukua utepe wa kupimia uende nao.

Fikiri pia juu ya mahali unapokaa. Kama shamba lako liko Kinangop penye baridi, kitambaa kizito kitakusaidia. Kama uko Mwea katika mpunga, au Mpeketoni karibu na pwani, tafuta pamba nyepesi inayopitisha hewa. Na kama ni sare ya shule, uliza kwanza shuleni rangi gani yatakiwa, kisha beba kipande cha sare ya zamani ukakilinganishe nje juani. Taa ya dukani hudanganya macho.

KAGUA KABLA YA KULIPA

Muuzaji mwema hatakataa ukague. Fanya mambo haya matano.

1. Inua kitambaa juu kuelekea kwenye mwanga. Mahali palipoisha pataonekana pepesi kuliko pengine, hasa katikati ya shuka, magotini na chini ya makwapa. Tundu dogo laweza kukwepwa wakati wa kukata. Kitambaa kilichooza hakina dawa.

2. Kishike kwa mikono miwili ukivute kwa nguvu kidogo, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Kikilia au nyuzi zikiachana, kirudishe mezani.

3. Lowesha kitambaa cheupe, kisugue mara kumi juu ya kile unachotaka kununua. Cheupe kikipata rangi, jua kwamba kitachafua nguo nyingine katika beseni.

4. Kikunje ndani ya kiganja, ukifinye, uhesabu mpaka ishirini, kisha ukiachie. Pamba hubaki na makunyanzi. Nailoni na poliesta hujikunjua upesi.

5. Kinuse. Harufu ya ukungu maana yake kilikaa mahali penye unyevu, na nyuzi zake huenda zimeanza kuoza.

Ukiwa nyumbani na bado huna hakika, chomoa nyuzi chache, uzishike kwa koleo juu ya beseni la maji, uziwashe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, na ikipoa huacha tone gumu jeusi. Mara nyingi nyuzi huwa zimechanganywa, ndipo utaona dalili mbili pamoja.

Si kusema poliesta ni mbaya. Haipungui sana ikifuliwa, na hukauka upesi wakati wa mvua. Lakini huyeyuka chini ya pasi ya makaa iliyo moto sana, na ikishika moto huganda kwenye ngozi. Kwa hiyo usiishonee aproni ya jikoni wala vitambaa vya kushikia sufuria. Kazi hizo ni za pamba.

FUA KABLA YA KUKATA

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kitambaa cha pamba kikiingia majini mara ya kwanza hupungua. Mita moja yaweza kupungua sentimeta 3 mpaka 5, na kama kimefumwa kwa kulegea chaweza kupungua zaidi. Kama hakikupungua kabla ya mkasi, kitapungua juu ya mwili wa mtoto.

Basi, kikifika nyumbani kiloweshe, ukifue kwa sabuni na maji moto kama yale utakayofulia nguo yenyewe, ukianike kwenye kamba, kisha ukipige pasi. Nguo za mitumba zifue hivyo kwanza, hata kama zaonekana safi. Rangi ikitoka, ifue peke yake mara kwa mara mpaka maji yawe meupe. Wengine huloweka katika maji ya chumvi au siki wakidhani rangi itafungika. Chumvi hutumiwa kiwandani wakati wa kutia rangi, lakini haiwezi kufunga rangi ambayo haikushika tangu mwanzo. Kama baada ya kufua mara nyingi bado yatoka, kitumie kwa kitu kisichofuliwa pamoja na nguo nyingine.

FUATA UZI

Tazama kitambaa kwa karibu, utaona nyuzi zinazokwenda urefu wa jora na nyingine zinazokatiza upana. Nyuzi za urefu huitwa mtande, nazo ndizo zenye nguvu. Nguo ikikatwa mtande ukielekea kutoka juu kwenda chini, hushuka vizuri. Ikikatwa mshazari bila kukusudia, hujivuta upande mmoja, na ukifua mara mbili sketi itakuwa ndefu kulia na fupi kushoto.

Ukipata kipande kisicho na ukingo, kivute pande zote mbili. Upande unaovutika kidogo zaidi mara nyingi ni upana. Ule usiovutika ni urefu. Weka alama kwa chaki usisahau.

KAZI YA KWANZA: MFUKO WA SOKONI

Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku katika Kenya. Kila nyumba yahitaji mfuko wa kudumu, na mtu anayeanza kushona hana kazi nzuri kuliko hii. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimeta 90, urefu wa sentimeta 65 baada ya kufuliwa watosha mfuko mmoja.

Kata vipande viwili vya mwili, kila kimoja sentimeta 38 kwa upana na 45 kwa urefu. Kata vipande viwili vya mikono, kila kimoja sentimeta 60 kwa 10.

Kama huna mashine ya ovaloki ya kuzuia nyuzi zisichomoke, tumia mshono wa mara mbili. Weka vipande viwili vya mwili vikigusana migongo, yaani uso mzuri uko nje. Shona kando mbili na chini, nusu sentimeta kutoka ukingoni. Punguza nyuzi zilizochomoza. Geuza mfuko nje ndani, upige pasi, kisha ushone tena kando zile zile, sentimeta moja kutoka ukingoni. Kingo zote zitafungwa ndani ya mshono, na hakuna uzi utakaochomoka.

Mikono: kunja kila kipande kwa urefu, kingo zote mbili zikutane katikati, kisha ukunje tena. Utapata mkanda wa sentimeta 2 na nusu wenye tabaka nne. Ushone kando zote mbili.

Sasa ukingo wa juu wa mfuko. Ukunje kwa ndani sentimeta moja, kisha sentimeta 2 na nusu, na kupiga bandi kwa mkono ili usihame. Ingiza ncha za mikono chini ya pindo hilo, kila ncha sentimeta 9 kutoka kando ya mfuko. Hakikisha mkono haukujipinda. Shona pindo kuzunguka, kisha inua mikono juu ushone tena. Mahali pa kila ncha shona mraba, na ndani ya mraba shona alama ya kuzidisha. Mfuko usiposhonwa hivyo utabeba mikate, lakini viazi vitaung'oa.

KAZI YA PILI: SKETI YA MTOTO INAYOKUA NAYE

Mfano wetu ni mtoto mwenye kiuno cha sentimeta 56, na sketi yenye urefu wa sentimeta 45. Chukua kitambaa chenye upana wa sentimeta 115. Upana huo ukitoa sentimeta 3 za mshono hubaki 112, yaani mara mbili ya kiuno. Basi upana wote ni wa sketi moja, nawe huhitaji kukata chochote ubavuni. Kikipungua kidogo upande huo hakuna neno. Mikunjo itakuwa michache tu.

Urefu wa kukata ni 45 za sketi, 4 za njia ya lastiki, na 6 za pindo: jumla sentimeta 55. Sokoni nunua 60, ili kufua kusikupunguzie.

Shona ubavu mmoja kwa mshono wa mara mbili kama ule wa mfuko. Juu kunja sentimeta moja, kisha 3, ushone kuzunguka, lakini uache nafasi ya vidole viwili. Kata lastiki ya sentimeta 53. Ifunge pini kwenye ncha, uipitishe katika ile njia mpaka itokee, upandanishe ncha kwa sentimeta 2 na kuzishona imara. Ziba nafasi. Chini kunja sentimeta moja, kisha 5, ushone pindo kwa mkono kwa mishono midogo.

Kwa nini pindo kubwa hivyo? Kwa sababu mtoto hukua. Mwakani utalifumua, ulikunje dogo, na sketi itashuka sentimeta 3 au 4. Lastiki nayo yaweza kubadilishwa kwa pesa kidogo. Nguo moja itakuwa imefanya kazi ya miaka miwili.

NGUO KUUKUU NA LESO

Shati kubwa la mwanamume ukate kola, mikono na sehemu zilizoisha. Mgongo wake utatoa kipande kipana kimoja chenye kutosha aproni ya mtoto au foronya ya mto mdogo. Sehemu ya mbele usiifumue vifungo: ikifungwa na kukatwa mraba, yaweza kuwa upande wa nyuma wa foronya, na tayari ina mahali pa kufungulia. Vifungo vya shati bovu vikate uvitie kopo. Zipu pia.

Shuka lililoisha katikati lina pande mbili nzima ambazo hazikulaliwa sana. Hapo utapata shimizi za watoto, bitana, na mapazia ya dirisha dogo.

Leso huuzwa mbili mbili, yaani doti, na kila moja ina urefu wa karibu mita moja na nusu. Ina pindo kuzunguka, mji katikati, na maneno chini. Kabla ya kukata, itandaze uangalie mapambo yatakaa wapi. Ukishona mfuko, weka ua la katikati lianguke katikati ya mfuko. Maneno yasikatwe nusu, maana nusu ya fumbo yaweza kuleta maana nyingine. Na ukitaka kumpelekea mama mkwe, usome kwanza yanasema nini.

Vipande vidogo navyo vina kazi. Tabaka nne za pamba zilizoshonwa pamoja ni kishikio cha sufuria. Mikanda ya rangi mbalimbali ni vilemba na mikanda ya nguo. Miraba iliyoungwa kwa mkono jioni baada ya jioni huwa mfarishi wa kitanda cha mtoto.

IKIWA WATAKA KUUZA

Wengine watasema, "Nikishona mifuko kumi nitauza Jumamosi." Vema, lakini fanya hesabu kama unavyofanya ya maziwa. Bei hizi ni mfano tu. Weka za soko lako.

Tuseme umenunua mita 2 na sentimeta 10 za kitambaa kwa shilingi 300. Kikifuliwa na kupungua, kitabaki karibu mita 2, nacho kitatoa mifuko mitatu. (Ungalinunua mita 2 tu, baada ya kupungua ungalipata mifuko miwili na kipande kisichotosha.) Uzi ni shilingi 40. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 100. Jumla ni 440, na kila mfuko umekugharimu karibu shilingi 147. Ukiuuza kwa 150 umefanya kazi kwa shilingi 3.

Sasa tuseme jirani watano wamemtuma mmoja awanunulie wote, na kila mmoja atoa shilingi 20 za nauli. Jumla yako ni 360, na mfuko umekugharimu 120. Kwa bei ile ile ya 150 wapata shilingi 30 kwa kila mfuko. Kitambaa hakikubadilika, wala bei haikubadilika. Kilichobadilika ni ushirikiano, kama vile maziwa yanavyopelekwa pamoja badala ya kila mtu kubeba kibuyu chake.

Ushirikiano huu si mgeni kwetu. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka wa 1952, na vikundi vyake vilifundisha kushona pamoja na malezi ya watoto. Na mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka wa 1962, familia nyingi zilihamia mashamba mapya zikawa majirani wa watu wasiowajua. Vyama vya ushirika vikawakutanisha. Kikundi cha leo chaweza kununua cherehani moja na kuitumia kwa zamu. Lakini andikeni kwenye daftari ni nani atakayeitunza, na nani atakayelipa ikivunjika. Urafiki mwingi umevunjika kwa sindano ya shilingi chache.

TUNZA CHEREHANI

Cherehani ni kama jembe la kukokotwa: ikiachwa na uchafu itakataa kazi siku unapoihitaji. Baada ya kazi ifunike, kwa kuwa vumbi la shamba ni adui yake. Toa nyuzinyuzi zilizokusanyika chini ya bobini kwa brashi ndogo. Tia mafuta ya cherehani katika matundu yake, tone moja moja, kisha ushone kitambaa kibovu kwanza ili mafuta yasichafue nguo. Usitumie mafuta ya kupikia, maana huganda kama gundi.

Sindano iwe ya kadiri ya kitambaa. Namba 11 ni ya vitambaa vyepesi, namba 14 ni ya pamba ya kawaida, na namba 16 ni ya jinzi na vitambaa vizito. Mashine ikiruka mishono au ikitoboa kitambaa kwa kelele, badilisha sindano kabla ya kumwita fundi.

USINGOJE JANUARI

Ndugu mkulima, hupandi siku mvua inaponyesha ndipo ukatafute mbegu. Nguo za shule nazo zitafute mapema, Novemba ikiwezekana, kabla watu hawajajaa sokoni na bei haijapanda. Utapata nafasi ya kukagua, ya kufua, ya kushona jioni, na ya kurekebisha penye kosa.

Anza na mfuko mmoja. Uubebee viazi mwezi mzima. Kama mikono yake haijang'oka, fungua sanduku utafute kitambaa cha sketi. Na siku mtoto wako atakaporudi kutoka shuleni, nguo yake imefuliwa mara kumi na bado yamtosha na rangi yake ingalipo, hapo ndipo utakapojua kwamba kitambaa ulichonunua kilikuwa rahisi kweli.